Ua la Ndani ya Bakuli

Mgeni akiingia sebuleni kwangu kwa mara ya kwanza, macho yake huanza kutafuta televisheni, halafu yanakutana na ng'ombe wangu. Sisemi ng'ombe wa zizini, hao wako nyuma ya nyumba na wanajulikana. Huyu amechongwa ndani ya kibao cha mviringo, kidogo kama kisosi, na kazi yake ilikuwa kuchapa sura ya ng'ombe juu ya siagi ili siagi ipendeze mezani. Kilitoka Ulaya, upande gani sijui, na aliyekichonga alikufa zamani sana. Ng'ombe mwenyewe hana nundu, maskini. Lakini tazama mfupa wa nyonga ulivyojitokeza, tazama ngozi ya shingo inavyoning'inia. Mtu yule alikuwa amefuga. Alikaa nyuma ya ng'ombe, akamtazama akienda majini, ndipo akashika kisu. Mimi ni Mwarusha, nimezaliwa huku upande wa magharibi wa Mlima Meru, na ng'ombe ndicho kitu pekee ninachoweza kubishana juu yake na mtu yeyote wa dunia hii. Yule Mzungu wa siagi sina la kumbishia.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mniwie radhi nikienda kushoto na kulia. Nataka kusimulia habari za bakuli, lakini bakuli lina mwenyewe, na mwenyewe lazima nimweleze kwanza.

Ni mama wa Kichaga anayekaa Sekei, muuguzi mstaafu, na mpaka leo watu wote wanamwita Sista. Amezalisha nusu ya watu wazima ninaowafahamu. Tulikutana siku familia moja ya wamisionari ilipokuwa inarudi kwao na kuuza vitu vya nyumbani. Mtakumbuka mauzo ya namna ile yalivyokuwa, watu wanafika asubuhi na mapema, wanagongana mabega mbele ya friji, magodoro yanavutwa huku na huku. Mimi nilikuwa nimeshika kibao changu cha ng'ombe, naogopa mtu asije akakiona akakitaka, kumbe hakuna aliyekuwa na haja nacho. Pembeni kabisa, kwenye boksi la takataka za jikoni, alikuwa amechuchumaa mama mmoja mwembamba mwenye miwani. Akatoa bakuli kubwa la mbao, akalipuliza vumbi, akalikumbatia kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi.

Mama mmoja kwenye foleni ya friji akamcheka. "Sista, hilo utapikia nini?"

"Sipikii," akajibu. "Natazama."

"Wachaga nao siku hizi wananunua vya kutazama! Dunia imekwisha."

Sista akacheka zaidi ya wote. Halafu akaona kilichokuwa mkononi mwangu. "Na wewe mzee, hicho kisahani?"

Nikamwambia kina ng'ombe. Akakichukua, akakisogeza karibu na miwani, akakipapasa kwa kidole kimoja taratibu, akasema, "Huyu ana mimba." Nikatazama upya. Kweli alikuwa na mimba! Mimi, Mwarusha, sikuona. Tangu siku ile nikamheshimu mama yule, na heshima yenyewe haijapungua.

Sasa, bakuli. Lilikuwa bakuli la pombe kutoka nchi za theluji, kaskazini kabisa ya Ulaya, ambako zamani wakulima walikuwa wakikaa kuzunguka meza wakati wa sherehe na kupokezana chombo kimoja, kila mtu anapiga funda anampa jirani. Hilo likanifurahisha, maana Wameru na Wachaga na pombe yao ya ndizi wanafanya vilevile na kata zao za kunywea. Nje, kuzunguka mdomo, lilikuwa na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, hata mchungaji wetu wa Kilutheri aliyesoma ng'ambo alijaribu akaacha. Lakini uzuri wake ulikuwa ndani. Chini kabisa, mahali ambapo pombe ingefunika, fundi alichora ua. Fikiria akili hiyo. Mtu anachora ua mahali ambapo wenye kiu hawataliona mpaka wamalize kunywa. Sista alikuwa akinieleza jambo hilo kila nilipomtembelea, na kila mara kama analigundua siku hiyo.

Nyumba yake hapo Sekei ina chumba kizima cha vitu hivi. Ana mto wa mbao wa kulalia kutoka Uhabeshi, umelainika pale shingo za watu zilipokaa. Ana mhuri wa Kihindi wa kuchapia vitambaa, wenye majani membamba kuliko kucha ya mtoto. Ana barakoa ya Kimakonde yenye nywele za mtu. Na ana kibati kidogo kutoka Meksiko, padri mmoja alimwachia, kimechorwa mtu anaanguka kutoka juu ya nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, na mtakatifu anamtazama kutoka mawinguni. Sista anasema kule mtu akiponea chupuchupu humlipa mchoraji achore ajali yake, akakitundike kibati kanisani kushukuru. Yule nyumbu amechorwa vibaya, miguu kama ya meza. Lakini uso wa yule anayeanguka! Anajua kabisa kwamba anaanguka. Nimesimama mbele ya kibati kile mpaka chai yangu ikapoa, si mara moja.

Na hadanganyiki. Mjini pale wapo wanaouza vinyago kwa watalii, wanapaka dawa ya viatu, wanafukia kwenye samadi mpaka mbao zinachakaa, halafu wanasema hiki ni cha kale, cha chifu. Kijana mmoja alimletea kimoja hadi mlangoni. Sista akakinusa tu.

"Mwanangu, chifu wako alikuwa anavaa viatu vyeusi au vya kahawia?"

Kijana akacheka mwenyewe, na Sista akamkaribisha chai.

Kumbe kunusa na kupapasa vilikuwa vimeshika kazi ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alificha muda mrefu kama wauguzi wanavyoficha. Tulikuja kugundua alipoanza kumimina chai nje ya kikombe. Mwanawe aliyeko Moshi akasema inatosha, aende kwake akafanyiwe upasuaji na akae huko mpaka apone.

Akaniita. Ilikuwa masika, Sekei yote ni tope na ukungu, na chumba chake cha vitu kilikuwa kimeanza kunuka uvundo. Alikuwa amekaa na lile bakuli mapajani.

"Shemeji," akaniambia, maana huniita hivyo kwa sababu ya mke wangu, ambaye kwake ni kama dada, "vingine vitavumilia. Hili rangi yake inabanduka kwenye unyevu. Kwako huko juu kukavu, moto hauzimi. Likae kwako."

"Litakaa."

"Sikiliza basi. Ua silioni tena. Naona kitu kama doa. Najua lipo kwa sababu nakumbuka, na hata kukumbuka kwenyewe kunaanza kuniponyoka. Nikirudi, kabla sijaona sura ya mtu yeyote, kabla yako wewe na uzee wako, niletee bakuli. Nataka macho mapya yaanzie pale."

Nikamwambia uzee wangu nao una maua yake. Akanipiga kofi la bega. Lakini nilimwona alivyolitoa mapajani, na mikono yake ilivyobaki wazi baada ya mimi kulipokea.

Nililiweka juu ya kabati, mbali na kuku na wajukuu. Kila asubuhi nililitazama. Nikiri kwamba nilijiona mtu mkubwa. Hapa kwetu mzee hupewa ng'ombe wa mwenzake amtunzie, na kutunza ng'ombe wa mtu ni heshima kuliko kuwa na wako. Mimi nilikuwa nimekabidhiwa ua.

Siku moja nikaenda Tengeru. Nilikuwa nimesikia kuna bibi wa Kimeru ana sanduku lililoachwa na wale wakimbizi wa Kipolandi waliokaa Tengeru wakati wa vita ya Hitla. Nilimkuta, na sanduku nililiona. Lilikuwa limepambwa kwa mabua ya ngano yaliyopasuliwa na kubandikwa moja moja, yanang'aa kama dhahabu, nyota na majogoo. Wamefukuzwa kwao, wamezunguka nusu ya dunia, wamefika chini ya Mlima Meru hawana kitu, halafu mtu anakaa chini anabandika majogoo ya mabua! Bibi alikuwa anawekea mbegu za vitunguu ndani. Nikamwomba aniuzie. Akasema, "Na mbegu zangu nikuwekee wewe mfukoni?" Nikaondoka mikono mitupu na moyo umejaa.

Nilipoingia nyumbani nilikutana na harufu kabla ya kukutana na mke wangu. Harufu nzuri. Wanaotujua wanaijua, moshi wa oloirien, mzeituni wa porini, ambao wanawake wetu huutumia kusafishia vibuyu vya maziwa. Mwanamke huchukua kijinga chenye makaa mekundu, anakitumbukiza ndani ya kibuyu, anakizungusha na kusugua mpaka ndani pawe peusi pa kung'aa, halafu anakung'uta majivu. Maziwa hayaharibiki upesi, na yanapata utamu ule ambao mtoto wa Kiarusha akienda kusoma mbali ndio anaoulilia. Chombo ambacho hakijapitishwa moshi, kwa mke wangu, ni chombo cha mtu asiyekuwa na mama.

Bakuli lilikuwa mezani. Nje, maandishi na rangi zake vilikuwa vizima. Ndani palikuwa peusi, panang'aa.

"Umeona?" mke wangu akasema, na uso wake ulikuwa umejaa furaha. "Lilikuwa linanuka ghala. Rafiki yetu anaumwa, chombo chake kiko juu ya kabati langu kinanuka! Angerudi angesema nini juu yangu? Nimekata oloirien mwenyewe, kule juu, ile iliyokomaa."

Nilikaa chini.

"Kulikuwa na ua," nikasema.

"Nililiona. Nikajua limechorwa na mtu asiyejua kazi ya chombo."

"Mama, lile ua ndilo lililompeleka Moshi."

Nikamweleza, maana kweli sikuwahi kumweleza. Mtu hamsimulii mkewe kila neno analoambiwa na wagonjwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Akachukua kitenge chake akajaribu kufuta, mara moja tu, taratibu, akaona hakitoki kitu, akaacha. Moshi wa oloirien ukishaingia kwenye mti umeingia. Ndiyo sifa yake.

"Basi tutamwambia," akasema.

Mimi nilitaka kusubiri. Nilifikiria kumwambia kwa simu, nikafikiria kumwambia mwanawe amwambie, nikafikiria hata kulipeleka limejaa ndizi. Siku zikapita hivyohivyo, na Sista akarudi.

Nililifunga kwa kanga nikashuka nalo Sekei. Mlangoni nilimwona akiwa na miwani myeusi, amesimama wima, amegeuzia ukuta uso wake ili asinione. Alikuwa ameshika neno lake. Alikuwa amerudi kutoka Moshi amefumba macho garini, mwanawe aliniambia baadaye, anacheka peke yake kama msichana.

"Liweke mezani," akasema. "Fungua. Usiongee."

Nikafungua. Akavua miwani, akageuka, akainama.

Kwanza alitazama nje, akayapitia yale maandishi yote kuzunguka, nikaona midomo yake inatabasamu. Halafu akatazama ndani. Akasogeza karibu na dirisha. Akanusa. Mama yule ambaye pua yake ilijua dawa ya viatu mlangoni, hakuhitaji kuambiwa.

"Yeyo," akasema tu, jina ambalo huku Arusha tunawaita akina mama kwa lugha yetu, na ndilo alilokuwa akimwitia mke wangu. Halafu akasema, "Nenda nyumbani, shemeji." Hakunitazama usoni. Macho mapya yale, mimi sikuyapata.

Nikapanda kilima nikiwa nimechoka kuliko umri wangu. Kwa siku kadhaa nilimpigia simu, hakupokea. Nilikaa na ng'ombe wangu wa siagi na sikumwona uzuri wowote. Nilijiuliza vitu hivi vina maana gani, mbao za watu waliokufa, na mtu aliye hai amefunga mlango.

Mke wangu ndiye aliyechoka kukaa. Alikuwa na rafiki wa Kichaga sokoni, muuza ndizi, akamwuliza, kwenu mtu akimkosea mwenzake afanye nini? Akaambiwa habari za isale. Ni jani refu la kijani, na Mchaga akiletewa jani hilo na anayeomba msamaha, hawezi kumkatalia, awe amekosewa vipi. Mke wangu akaona hilo ni jambo la maana. Akavaa shuka zake nzuri na shanga za shingoni, akaniambia twende. Sikuuliza jani liko wapi. Nilidhani amelificha kwenye shuka.

Tukafika getini kwa Sista. Mke wangu akasimama, akatazama ua wa majani uliozunguka nyumba, akasema, "Si ndiyo haya?" Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshika shina, akalivuta kwa nguvu zote za mwanamke aliyelima maisha yake yote, likatoka na mizizi na tope. Akaingia nalo.

Sista alikuwa barazani. Alitazama lile shina refu kama mkuki, tope linadondoka sakafuni, mwanamke wa Kiarusha amepiga magoti mbele yake amelishika kwa mikono miwili, kichwa chini. Alitazama upande wa geti, akaona pengo. Inabidi mjue kwamba kwa Wachaga majani hayo ndiyo alama ya mpaka. Anayeng'oa isale la mpakani anakutafutia kesi.

"Yeyo," akasema, sauti inatetemeka. "Umeng'oa mpaka wangu uje uniombe msamaha?"

"Niliambiwa jani, Sista. Hawakuniambia litoke wapi."

"Sasa nikusamehe lipi kwanza?"

"Anza na dogo."

Nikaona mabega ya Sista yanatikisika, nikafikiri analia, na labda alikuwa analia, lakini sauti iliyotoka ilikuwa kicheko. Akacheka mpaka akaketi. Akalipokea lile shina na tope lake, akalilaza mapajani, juu ya gauni safi.

"Inuka. Inuka, mama, unaniua."

Akatuingiza ndani. Bakuli lilikuwa mezani palepale nilipoliacha, naona hakuligusa. Akamketisha mke wangu karibu yake, akamgeukia kama daktari anavyomgeukia mgonjwa.

"Wewe ndiye mtu wa mwisho kuliona lile ua," akamwambia. "Mimi sikumbuki vizuri. Lilikuwaje?"

Sikuwahi kulifikiria hilo. Mke wangu akafumba macho.

"Lilikuwa la buluu."

"Jekundu," akasema Sista.

"Buluu, Sista. Kama shanga hizi."

"Nilikaa nalo miaka yote hiyo! Lilikuwa jekundu, lina kitu cheupe katikati."

"Cheupe nilikiona. Lakini kando buluu."

"Shemeji, sema wewe! Ulikuwa unalitazama kila asubuhi."

Nikafungua mdomo. Nililiona mbele yangu, zuri kama lilivyokuwa, na rangi yake haikuja. Nikasema nadhani lilikuwa na vyote viwili. Wote wawili wakanitazama kwa huruma.

Sista akachukua bakuli akaenda nalo dirishani. Jua lilikuwa limetoka, mlima umevua mawingu yake. Akaliinamisha huku, akaliinamisha kule, akalamba kidole akasugua. Mara akaganda. Akafunika mahali kwa kiganja chake.

"Kuna mahali moshi haukufika," akasema. "Yeyo, sema tena. Rangi gani?"

"Buluu."

"Una hakika?"

"Hata uniletee mchungaji."

Akaondoa mkono. Tukainama wote watatu, vichwa vinagongana. Pale kwenye mkunjo wa chini, katikati ya weusi, palibaki kipande kidogo kama kucha. Kilikuwa cha kijani. Kilikuwa jani, limechorwa kwa pigo moja la brashi, linaanza nene linaishia jembamba, na katikati mshipa wake kama unywele. Aliyelichora hakuinua mkono hata kidogo.

Mke wangu akasema, "Ubishi hatujamaliza. Hilo ni jani tu."

Macho mapya ya Sista, yaliyokuwa bado mekundu kwenye kingo, yalikuwa pale.

"Hili jani," akasema, "sikuwahi kulitazama. Nilijua ua. Sikuwahi kujua kwamba lina jani."

Akavuta kiti, akakaa na bakuli dirishani.